Kopiri Namba Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kupanda nguzo. Nilifika Homa Bay asubuhi na mapema, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, nikidhani nitapewa mkanda na viatu vya chuma nianze kukwea kama mafundi niliowaona tangu utotoni kando ya barabara ya Rangwe. Inspekta wa Laini, mtu mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alinipa nyundo.

"Leo wewe ni wa kugonga tu," akasema. "Nguzo ikilia ko, iko nzima. Ikilia pu, imeoza ndani, na ukiipanda tutakubeba kwa machela."

Nikazunguka mji mzima nikigonga nguzo, watoto wakinifuata na kunicheka, mpaka jioni kiganja kikavimba. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya simu, na sikutoka humo mpaka nilipostaafu.

Nyinyi vijana mnaoishi na simu mfukoni mnaona kama sauti inatoka hewani. Sisi tuliibeba sauti mabegani. Kila mteja alikuwa na nyaya zake mbili, zimefungwa juu ya vikombe vya kauri kwenye nguzo, tokea ukutani kwake mpaka kwenye bodi mjini. Ukitaka kupiga simu ulizungusha mpini ubavuni mwa kisanduku. Mpini ule ulitoa umeme wake wenyewe, umeme ukakimbia hadi mjini, na kule kwenye bodi kikaanguka kifuniko kidogo cha shaba chenye namba yako. Sisi tulikiita kope. Kope ikianguka, operata alichomeka kebo na kuuliza, "Namba, tafadhali?" Kuongea kulikuwa jambo jingine. Sauti ilitegemea betri mbili nene zilizokaa ndani ya kisanduku cha mteja. Betri zikiisha, uliweza bado kuita bodi hadi mkono uchoke, na uliweza kuwasikia wakikujibu, ila wao hawakukusikia wewe.

Chumba cha bodi kilitawaliwa na Operata Mkuu, mama mmoja mkali ambaye hata Inspekta alimpigia hodi. Alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, kwenye bodi ni Kiswahili au Kiingereza, basi. Ya pili, kinachopita kwenye waya hakitoki chumbani. Hizo ndizo zilizokuwa sheria zetu, na nilizichukulia kama sheria nyingine zozote za ofisi, yaani nilizisikiliza nikiwa nafikiria chakula cha mchana.

Baadaye nilihamishiwa Migori. Kule nilikaa miaka mingi nikihudumia laini za kuelekea mpakani, na kule ndiko nilikopata Kiswahili cha maana, maana Mjaluo na Mkuria hawana lugha nyingine ya kugombania, na wafanyabiashara Waislamu wa mjini walikuwa wananisahihisha kila sentensi kabla hawajanipa hata chai. Mmoja wao alikuwa akinikemea, "Fundi, mtu amekufa, kitu kimekufa, laini imekufa. Usituchanganyie wafu!" Nilimwona msumbufu. Niliporudishwa Homa Bay nikiwa fundi mkuu, Inspekta alikuwa mzee tayari, nami nilikuwa nimezoea kuzitenganisha hizo aina za vifo.

Katika laini zangu ilikuwemo ya Kopiri. Hamtaupata mji huo kwenye ramani za leo. Zamani ilijengwa gati pale ya kupakia pamba, Waingereza walioijenga wakaiita pier kwa lugha yao, watu wakalitafuna hilo neno mpaka likawa piri, na maduka yalipoota kandokando mji ukaitwa Kopiri. Ulikuwa na barabara moja iliyonyooka, maduka ya mabati yenye varanda, msikiti mdogo, kanisa, hoteli mbili zilizochukiana, na mwisho kabisa, juu ya mwamba, ghala la pamba la ghorofa moja. Nchi yote ile ilikuwa tambarare kama sinia. Nilikuwa napita na baiskeli, nikimaliza kukagua laini ninakula samaki aina ya ngege wa kukaanga kwa Mzee Obuya.

Mzee Obuya alikuwa wakala wa posta na mlinzi wa simu ya umma, Kopiri namba nne. Boma lake lilikuwa huko bara, upande wa Rangwe, na huko ndiko alikoishi mkewe, Nyar Uyoma. Watu walimwita hivyo kwa kuwa aliolewa kutoka Uyoma, ng'ambo ya ghuba. Mzee alikuwa mtu wa utaratibu. Simu ile aliipangusa kila asubuhi kabla hajanawa uso. Alikuwa akisema akizeeka kabisa atairudisha mali ya watu, aende nyumbani akakae na mama watoto wake, na alilisema hilo mara nyingi mno kwa mtu aliyedai hana haraka.

Kisha ikaja mvua ya El Nino. Mito ilivunja kingo, ziwa likaanza kupanda, na Kopiri ikaingia majini polepole, kama mtu anayeteremka kuoga. Kwanza varanda, kisha kaunta za maduka, kisha madirisha. Watu walikimbia kwa maboti, na waliofika Homa Bay walisema duka la posta limefunikwa mpaka paa. Mzee Obuya je? Wa mwisho kumwona alimwacha akifungua skrubu za simu ukutani. Halafu upepo ukasukuma magugu maji yakaziba ghuba yote, kijani kitupu hadi upeo wa macho, boti haziwezi kupita wala kurudi. Magugu yale yakapanda juu ya nyaya zangu na kuzivuta chini majini.

Siku hizo bodini alikuwapo operata kijana aitwaye Perez, binti mwenye roho nzuri. Otieno, mtoto wa kwanza wa Mzee Obuya, mwalimu, alipiga simu kutoka Rodi Kopany. Akaomba Kopiri namba nne, kwa Mzee Obuya. Perez akaita. Kimya. Akaita tena, akapima laini, akaona haina uhai. Kijana kule alikuwa anahema kwa hofu, na kwa huruma Perez akaiweka kando amri ya Operata Mkuu, akamjibu kwa lugha ya kwao.

"Otho," akasema. "Otho chon. Mos."

Yaani: imekufa, imekufa zamani, pole. Lakini Dholuo hakitenganishi mtu na waya. Otho ni imekufa, na otho ni amekufa. Mwalimu akauliza, "Otho?" Perez akamhakikishia kwamba ndiyo, na kwamba tangu juzi wote pale ofisini wanajua. Kijana akaweka chini mkono wa simu, akaenda nyumbani kumzika baba yake.

Hapakuwa na maiti. Kwetu mtu aliyepotea majini akikosa kuonekana, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu zito la mwegea, mfano wa gogo. Walilivika shuka, wakalilaza kaburini, wakalilia, wakachinja ng'ombe. Nyar Uyoma alinyolewa kichwa. Mimi mwenyewe nilikwenda matangani, nikalia vizuri tu, kwa maana nilimpenda Mzee. Sikujua, wala yeyote hakujua, kwamba tunalilia tunda.

Wiki kadhaa baadaye upepo uligeuka, magugu yakaondoka ghubani, yakaziachia nyaya. Asubuhi moja kope ya Kopiri namba nne ikaanguka.

Perez alikuwa zamuni. Alichomeka kebo bila kufikiri, akasema, "Namba, tafadhali?" kisha akasoma ile namba. Akasikiliza. Alituambia baadaye kwamba hakukuwa na neno lolote, ila ule ukimya wa laini ambayo mwisho wake kuna mtu. Ninaujua ukimya huo. Laini iliyokatika ni kimya kikavu. Laini yenye mtu huwa na kina.

Ikaanguka tena mchana. Kesho yake tena, na keshokutwa. Operata wote wakaanza kuja kazini na rozari. Walizungumza wenyewe kwa wenyewe kebo ikiwa bado imechomekwa: "Ni yule marehemu." "Si alizikwa vizuri, anataka nini?" "Labda ng'ombe alikuwa mdogo." Mwishowe mmoja akakata karatasi, akaipaka gundi, akaibandika juu ya ile kope isiweze kuanguka. Ikawa basi inatikisika chini ya karatasi, tik, tik, tik, watu wazima wakiwa wamekaa wanaitazama.

Inspekta aliitwa. Aliitazama karatasi ile kwa muda, akanigeukia.

"Ouma, chukua boti. Laini ikiwa inaita, kuna kitu kinaizungusha. Ukikuta mtu, mlete. Ukikosa mtu, niletee simu yangu."

Nilimpata mvuvi mmoja wa Rusinga aliyekubali kunipeleka, kwa masharti kwamba yeye hatashuka. Tuliifuata laini. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote lakini sijawahi kuona kitu kama kile: nguzo zangu, nilizozigonga na kuzikwea mwenyewe, zimejipanga zinaingia ziwani moja baada ya nyingine, zimeinama, waya umelegea hadi ungeweza kuushika ukiwa umekaa ndani ya boti. Ndege mweusi alikaa juu ya kila nguzo. Mvuvi alizima injini, akachukua kasia. Sikumuuliza sababu.

Tukaingia mjini kwa barabara ile ile niliyopita na baiskeli. Jua lilikuwa utosini na maji yalikuwa safi, nikaona chini yetu ngazi za hoteli, na meza moja bado imesimama, samaki wakipita chini yake kama wateja. Mabati ya maduka yalitokeza hapa na pale. Kibao cha kinyozi kilikuwa kwenye usawa wa maji, kile kichwa kilichochorwa kikitutazama kwa jicho moja. Hakuna sauti yoyote ila kasia. Nasema wazi, niliogopa.

Pale penye duka la posta nilitoa simu ya kupimia, nikabana vibanio vyake viwili kwenye waya, nikaweka sikioni. Ilikuwa njia yetu ya kawaida ya kutafuta tatizo: unasikiliza upande huu, unasikiliza upande ule. Nikasikia mpini unazungushwa. Karibu. Karibu sana. Nikainua macho, nikafuata waya uliotoka nguzo ya mwisho, na ulikuwa hauendi dukani tena. Mtu alikuwa ameuvuta, akaupitisha juu ya maji hadi mwambani, ukaingia dirisha la juu la ghala.

Mzee Obuya alikuwa amekaa juu ya gunia, ndevu zimemfika kifuani, simu mapajani. Aliponiona hakusimama.

"Fundi," akasema, "umekuja kuchukua simu ama umekuja kunichukua mimi?"

Nilikaa chini. Nilimshika mkono ili nijue kama una joto. Ulikuwa na joto. Aliniacha niushike muda wote niliotaka.

Alikuwa ameokoa simu, akaihamishia ghalani, akangoja boti. Aliishi kwa mahindi yaliyobaki humo na samaki wa dirishani. Betri ziliishiwa siku za mwanzo kabisa. Magugu yalipoondoka akaanza kuita bodi, na akawasikia vizuri kila walichosema.

"Nimesikia nilizikwa," akaniambia. "Nimesikia hata habari ya ng'ombe. Napiga kelele humu ndani, 'Mimi niko hai, leteni boti!' na wao wananijadili. Halafu siku moja sikusikia mtu tena. Waliniwekea nini?"

"Karatasi, Jaduong', mzee wangu," nikasema. Niliona aibu kwa niaba ya ofisi nzima.

"Karatasi," akarudia. Akacheka kidogo. "Haya. Nipeleke nyumbani. Nimechoka na huu mji."

Nilikuwa na betri mpya kwenye mkoba. Nikamwambia tuongee kwanza na nyumbani, mtu asianguke afe kwa mshtuko atakapomwona langoni. Nikatia betri, nikazungusha kwa nguvu mpaka karatasi ikabanduka kule mjini. Perez akajibu kwa sauti inayotetemeka. Nikamwambia ni mimi, aniunganishe na ofisi ya chifu, na Nyar Uyoma aitwe kuhusu mali ya marehemu. Tulingoja muda mrefu. Mzee alijifuta mikono, akachana ndevu kwa vidole, kana kwamba mkewe angemwona.

Nilibana simu yangu ya kupimia kwenye waya nisikie kama betri zinafanya kazi. Ndivyo nilivyosikia yote.

"Nyar Uyoma," akasema. "Ni mimi."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wa pili. Kisha yule mama akauliza, polepole, "Kama ni wewe, niambie tuligombania nini siku tuliyohamia boma letu."

"Jogoo. Ulisema nimekuja na jogoo mgonjwa. Na kweli alikuwa mgonjwa."

Nikamsikia akilia. Alilia kwa kujizuia, maana karani wa chifu alikuwa nje ya mlango. Mzee akamwambia atulie, fundi yuko hapa na boti, kesho atakuwa nyumbani. Akamwambia atoe lile tunda kaburini alitupe. Alikuwa na furaha kama kijana anayekwenda kuposa.

"Baba Otieno," mama akasema, "ngoja. Mke wa Otieno amejifungua. Mvulana."

"Eh! Erokamano, asante!"

"Alizaliwa analia. Analia tu, hanyonyi, halali. Tukamwita majina ya wazee wote, baba yako, babu yako, akazidi kulia. Amekauka, tukajua anakwenda. Ndipo mimi mwenyewe nikasema, kama ni wewe, Obuya, nyamaza unyonye." Akavuta pumzi. "Akanyamaza. Akanyonya. Mpaka leo hajalia."

Kwa wasio wa kwetu, nitasema hivi. Mtoto akilia namna hiyo, ni mtu wa ukoo aliyekwenda anataka jina lake lirudi. Jina likitajwa, analipokea na kupona. Lakini jina hilo ni la wafu. Aliye hai halitoi jina lake, na mtoto aliyelipokea hanyang'anywi. Wenye jina moja wakikutana uso kwa uso namna hiyo, mmoja anampisha mwenzake, na mdogo ndiye huondoka duniani. Unaweza kucheka. Mimi nilikuwa pale na sikucheka. Kilichonitisha zaidi ya nguzo na meza na kibao cha kinyozi ni hilo: mtoto alinyamaza kwa jina la mtu aliyekuwa ameketi mbele yangu anapumua. Sijapata maelezo yake hadi leo.

Mzee aliibana simu sikioni. Maji yalikuwa yanapiga ukuta chini yetu.

"Ni mnene?" hatimaye akauliza.

"Anaanza kunenepa."

"Basi Obuya yuko nyumbani," akasema. "Mlee vizuri."

Akaweka mkono wa simu mahali pake, taratibu, kama alivyofanya siku zote ili usikwaruze. Kisha akauinua mzigo wote ule, akaniwekea mikononi. "Peleka mali ya watu, wuoda, mwanangu. Mimi sitaihitaji."

Nilimsihi. Nilimwambia nitampeleka Migori, nitampeleka popote, dunia ni kubwa. Alisema akienda kwingine atakutana na mtu anayemjua, na habari itafika nyumbani, watu waje kumrudisha. Pale mwambani hakuna ajuaye, na wavuvi wanapaogopa. Nikaenda nikimwacha dirishani. Mvuvi wa Rusinga alitazama maji njia nzima, hakuniuliza nilikuwa naongea na nani.

Ofisini Inspekta aliniuliza, "Umekuta mtu?"

"Nimekuta simu," nikasema.

Alinitazama, akamtazama Perez aliyekuwa amejiinamia bodini. Perez alikuwa amesikia yote. Inspekta akasema, "Basi. Kinachopita kwenye waya hakitoki hapa." Na hakikutoka. Nimebadilisha majina ndipo nikasema leo, na wengi wa waliohusika hawapo tena.

Mwaka hadi mwaka nilimpelekea Mzee chumvi, kiberiti na dawa. Sikuwa peke yangu. Jirani zake Nyar Uyoma walikuwa wakimteta kwamba mjane gani huyu apendaye samaki, anayesafiri hadi ufuoni kununua walio tele sokoni Rangwe, tena anarudi jioni na kikapu kitupu. Mimi nilikuwa najua kilichokuwa ndani ya kikapu wakati wa kwenda.

Kisha zikaja simu za mkononi, na kazi yetu ikaisha tukiitazama. Bodi iliuzwa kama chuma chakavu. Shaba ya nyaya iliibiwa kabla hatujaiteremsha. Nilistaafu kwa soda na keki, msimamizi mpya akasoma hotuba ambayo jina langu liliandikwa vibaya. Sina kinyongo. Ila nawaambia nyinyi mnaofanya kazi za sauti siku hizi, mnaojibu wateja kwa kompyuta, kwamba anayeita na asisikike bado anasikia. Chungeni mnachosema juu yake.

Mzee alifariki baadaye, wavuvi wakamfukia mwambani bila kujua ni nani. Hakuna aliyelia, kwa kuwa tulikwisha kulia. Miaka hii ziwa limepanda tena zaidi ya wakati ule, mwamba umekwenda, ghala limekwenda, na ukipita pale hutajua kwamba paliwahi kuwa na kitu. Obuya mwingine ni mwanamume mzima mwenye sauti nene. Huwa nakutana naye Rodi Kopany, ananisalimia kwa heshima, nami hushindwa kumtazama machoni.

Ninayoikumbuka zaidi ni safari niliyokwenda baada ya kustaafu, wiki aliyozikwa Nyar Uyoma. Hapakuwa na waya tena wa kupeleka habari, kwa hiyo niliipeleka mwenyewe. Mzee alikuwa anashona wavu dirishani. Aliniona nimekuja bila mzigo, akaacha kushona.

Nilimwambia. Aliitazama boti ikigeuka na wimbi.

"Wamemlaza karibu nami, pale nyumbani?" akauliza.

"Karibu sana, Jaduong'," nikasema. "Hakuna hata hatua kati yenu."

Akatikisa kichwa kukubali, akauokota wavu.